Nyayo Mlangoni pa Mama Ngiri

Nawapa kisa hiki kama nilivyokipata, sikuongeza chumvi ila pale ilipokuwa imepungua. Asiyekiamini na akawaulize mchwa wa Kavumbi. Wao walikuwa chini ya ardhi siku hiyo na walisikia kila neno.

Mwaka ule mvua iliikwepa mbuga ya Kavumbi kama mtu anayemkwepa shemeji mwombaji. Majani yaliisha, mabwawa yakapasuka, vumbi likalala nene kila mahali. Na kwa kuwa hapakuwa na tone la kulilowesha, unyayo ukiachwa mlangoni mwa shimo ulibaki pale pale mwezi na zaidi. Likumbukeni hilo, litatufaa mbele.

Katika jua la namna ile mali haikuwa pembe wala manyoya. Mali ilikuwa shimo. Na sheria ya mashimo ilikuwa ya zamani na fupi. Muhanga huchimba akitafuta mchwa. Akishashiba huenda zake wala hageuki nyuma, maana kwake shimo ni sahani iliyokwisha lambwa. Anayelikuta wazi, akalifagia, akaziba nyufa zake, akakaa, ni lake. Akilihama mwezi mzima bila kuingia, linarudi kuwa la yeyote atakayelitaka. Basi, hakuna zaidi. Wanyama waliishi hivyo miaka na miaka bila kuhitaji mtu wa kuwafafanulia.

Mama Ngiri alikuwa na shimo lake chini ya kichuguu chekundu, na yale yalikuwa masika ya tatu tangu alifagie. Alikuwa mama mkaidi, mwenye meno ya nje na maneno ya ndani, asiyependa kujibizana. Msimu uliopita alikuwa na watoto wanne. Siku moja alichelewa nao malishoni, mbwa mwitu wakatokea, wakafika shimoni watatu. Tangu siku ile hakumwamini mtu yeyote isipokuwa shimo lake.

Na mtu akifukuzwa mara moja hujifunza namna ya kuingia kwake. Jioni watoto walitangulia, vichwa mbele, puu, puu, puu. Mama aliwafuata kinyumenyume, makalio kwanza, tumbo likiburuta vumbini na kufuta vile vinyayo vya watoto, mpaka akabaki na uso na meno yake mlangoni. Adui akija akutane na meno. Isitoshe njia ya ndani ilikuwa nyembamba. Ukiingia kichwa mbele hugeuki. Asubuhi alichomoka mbio, mkia juu kama bendera, na watoto nyuma yake.

Huko nyuma kabisa, penye chumba cha uani, alikuwa na mpangaji. Huyo ni Nungunungu, mzee wa usingizi, aliyelala mchana kutwa na kutoka kwa kitundu chake upande wa pili wa kichuguu. Kodi yake ilikuwa mizizi miwili ya viazi pori kila Mama Ngiri alipojifungua, na kulinda nyuma. Hakuna aliyemjua, maana hakuna aliyewahi kuzunguka kichuguu kile kutazama.

Sasa Fisi. Fisi mnamjua. Alikuwa na pango lake zuri la mawe, akapata la pili, akaona mawili ni kama moja. Siku moja Mama Ngiri alirudi malishoni akamkuta amesimama mbele ya shimo, ameinamisha kichwa, anatazama vumbi.

"Shikamoo, mama," alisema Fisi, kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa pole.

"Marahaba." Aliitikia kwa shingo upande. "Umepotea njia?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nasikitika tu. Kumbe mmehama bila hata kutuaga majirani!"

"Nani kahama?"

"Nyayo ndizo zinazosema, mama. Tazama mwenyewe." Akaonyesha kwa mguu. "Hii yatoka nje. Hii yatoka. Hii nayo yatoka. Ya kuingia iko wapi? Nimetafuta mpaka shingo inauma. Mimi na wewe tunaweza kusema uongo, lakini vumbi halina ndugu."

Mama Ngiri akatazama. Ebo! Ni kweli. Nyayo zake zote, za mwezi mzima, zilielekea nje. Hakuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Nani anayekagua mlango wake mwenyewe?

"Mimi naingia kinyumenyume," alisema.

Fisi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kinyumenyume! Haya, mama. Utamweleza hivyo Simba."

Na kweli alikwenda kwa Simba. Mfalme Simba alifanyia baraza lake juu ya jabali, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alikuwa mwamuzi mwenye sauti nzuri mno. Kesi akizielewa asizielewe, alizikata kwa sauti ile ile, na jambo moja tu lilimkera duniani: mtu kuongea kabla hajaulizwa.

"Mtukufu," alisema Fisi, "kuna shimo lililohamwa pale kichuguu chekundu. Nimeliona wazi, nikaliingia, nakaa. Nyayo zangu ziko mlangoni, zote za kuingia. Sasa mwenyewe wa zamani anataka kunitoa."

"Uongo!" alipiga kelele Mama Ngiri. "Mtukufu, mimi nina mpangaji mle ndani, na—"

"Nimekuuliza?" alinguruma Simba.

Mama Ngiri akarudi nyuma hatua moja.

"Baraza litakwenda kuziona hizo nyayo," alisema Simba. "Mpaka siku hiyo, Ngiri asiingie, Fisi asiingie. Hilo ni zuio." Neno lile lilimpendeza, akalirudia. "Zuio."

Karani wa baraza alikuwa Sungura. Akakuna sikio, akaweka zuio kichwani, maana pale hapakuandikwa kitu. Kichwa cha Sungura ndicho kilikuwa kabati la sheria.

Mama Ngiri ni mtu wa kutii. Aliwachukua watoto wake watatu akaenda kukaa kichakani kwenye miiba, mbali na kichuguu, asije akasemwa kwamba amevunja amri. Fisi naye ni mtu wa kutii akitazamwa. Kumbukeni, siku ile alipoapa kwamba nyayo zake ziko mlangoni, hapakuwa na unyayo wake wa kuingia hata mmoja. Kwa hiyo, siku ya pili ya zuio, mchana kweupe, alikwenda kuzitengeneza. Aliingiza kichwa na mabega, akarudi nyuma, akageuka, akachukua tawi la mgunga akafagia alama za kugeuka, akaingiza tena. Alifanya hivyo mpaka miguu ikamwuma. Ndani hakufika. Kwa nini afike? Sheria inatazama mlango.

Baraza lilipangwa siku ya tano. Fisi akaleta taarifa kwamba tumbo limemkamata. Likapangwa siku ya kumi na mbili. Fisi akafiwa na shangazi. Siku ya kumi na tisa alihudhuria, mzima wa afya, ila Simba alikuwa amesinzia na hakuna aliyethubutu kumwamsha, likasogezwa mpaka siku ya ishirini na saba. Mama Ngiri alikuwa hajui hesabu nyingi, lakini mwezi alikuwa akiutazama angani. Ulikuwa umejaa, sasa unapungua. Ukifa bila yeye kuingia, basi hata ukweli hautamsaidia: atakuwa amehama kwa amri ya mahakama.

Akaenda kwa Sungura, amekonda, ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Bwana karani, nisaidie."

"Mimi ni karani, mama. Sina upande." Sungura alikuwa amekaa kivulini akitafuna. "Ila swali la bure nalijibu. Unakwama wapi?"

"Nyayo. Zangu zote zinatoka."

"Na unaingiaje?"

"Kinyumenyume."

Sungura aliacha kutafuna. Akamtazama, akatazama miguu yake, akaanza kucheka taratibu mpaka masikio yakaanguka machoni. "Loo! Mama, katika miaka yangu yote ya ukarani!" Akajifuta machozi. "Kumbe ndiyo maana. Maana Fisi naye alikuja kwangu na swali lake la bure. Aliniuliza: kinachomfanya mtu awe mwenye shimo ni nini? Nikamwambia: kuingia. Anayeingia anamiliki, anayetoka ameacha. Alishika hilo, akaondoka mbio kabla sijamaliza. Yule bwana hula nusu ya mfupa na nusu ya sheria."

"Sasa nifanye nini?"

"Uje barazani. Na ukiona nakohoa, ujue naimalizia ile sentensi niliyomwanzia Fisi."

Halikuwa jibu la kumtosha mama mwenye watoto watatu kichakani. Alipitia nyuma ya kichuguu, akainamia kile kitundu cha uani. Zuio lilikataza kuingia, kuita halikukataza.

"Nungunungu! Mzee! Nakuomba uje kunitolea ushahidi."

Ikajibu sauti nzito ya usingizi: "Lini?"

"Kesho kutwa, asubuhi."

"Asubuhi nimelala."

"Nitanyang'anywa nyumba!"

"Mama, tulikubaliana nilale na nilinde nyuma. Kutoa ushahidi hakukuwemo." Kikafuata kikohozi. "Wakitaka ushahidi wangu, waje wauchukue hapa."

Mama Ngiri alikaa chini pale pale akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mpangaji gani huyu! Mwenyewe ndani amelala kwenye ubaridi, naye mwenye nyumba anaungua na wanawe juani. Kwa mbali, upande wa mashariki, mbwa mwitu walisikika wakiitana.

Siku ya ishirini na saba, Simba akiwa macho na Fisi akiwa amemaliza shangazi wote, baraza zima lilishuka mpaka kichuguu chekundu. Swala, nyumbu, tumbili, wote walikuja. Hakuna asiyependa kesi ya jirani. Mama Ngiri alisimama kando na watoto wake, na mdogo wao, ambaye hakuelewa kitu, alipoliona shimo alikimbilia. Akamvuta kwa jino. "Bado, mwanangu. Bado si letu."

Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, na maneno yale yakamkata maini.

"Karani," alisema Simba, "soma nyayo."

Sungura akapita mbele ya shimo, mikono nyuma, kama mkaguzi. "Nyayo za Ngiri, Mtukufu: hamsini na kitu, zote zaelekea nje. Nyayo za Fisi: ishirini na moja, zote zaelekea ndani."

"Umesikia, mama?" Fisi alimwinamia kwa heshima. "Mimi sina neno. Vumbi limesema."

Simba akasafisha koo. "Jambo liko wazi. Anayeingia anamiliki. Anayetoka ameacha. Kwa hiyo shimo hili ni la—"

Sungura akakohoa.

Simba akamtazama kwa jicho baya. "Karani ana mafua?"

"Nisamehe, Mtukufu. Kazi ya karani ni hesabu kamili. Nimesoma Fisi ameingia mara ishirini na moja. Sijasoma ametoka mara ngapi."

"Mara ngapi?"

"Hakuna, Mtukufu. Hata mara moja." Sungura akaonyesha vumbi. "Kwa sheria ya nyayo, Fisi yumo ndani. Ameingia mara ishirini na moja na hajatoka bado. Sasa huyu aliyesimama hapa na kumwinamia mama sijui ni nani. Nilikuwa naomba Mtukufu aniambie nimweke kichwani kwa jina gani."

Tumbili mmoja alishindwa, akacheka. Swala wakafuata. Baraza zima likaangua kicheko. Simba, ambaye hakupenda kicheko asichokianzisha, akamgeukia Fisi.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Fisi, Mtukufu!"

"Umetokaje?"

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Na uongo una tabia hii: ukiuingia lazima uzidi kuchimba. "Mtukufu," alisema, "mimi, mimi hutoka kinyumenyume. Ndiyo desturi ya ukoo wetu. Kwa hiyo nyayo zangu za kutoka zaonekana kama za kuingia."

"Eti!" Mama Ngiri hakungoja kuulizwa, liwalo na liwe. "Mtukufu, umemsikia! Miguu yake ikirudi nyuma ni desturi, yangu ikirudi nyuma ni uongo? Mimi naingia hivyo hivyo, kinyumenyume! Zile hamsini nusu yake ni za kuingia. Kama vumbi lamwamini yeye, liniamini na mimi!"

Hata Sungura hakuwa ametegemea Fisi amsaidie kiasi kile.

Simba alikunja uso. Wawili wanatembea nyumanyuma, na yeye ndiye anayetegemewa ajue yupi anasema kweli. Akaona njia ya heshima. "Maneno yamekwisha," alisema. "Zuio nimeliondoa. Kila mmoja ataingia shimoni mbele ya macho yangu kama anavyoingia kila siku, kisha atoke. Mwenye nyumba ataonekana."

"Mimi kwanza!" Fisi alirukia mbele. Kichwani mwake alikuwa amekwisha ona jambo tamu: zuio limeondoka, akiingia sasa, kweli kweli, mpaka ndani, nani atamtoa?

Mama Ngiri alishtuka. "Mtukufu, ngoja, huko nyuma kuna—"

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza, Mtukufu. Lakini chumba cha uani kina—"

"Kimya! Utasema zamu yako ikifika."

Mama Ngiri akafunga mdomo. Alikuwa amesema alichoweza kusema, na mara hii hakusikitika sana kunyamazishwa.

Fisi hakupiga hodi. Aliingia kichwa mbele, mabega yakapita, kiuno kikapita kwa kusukuma, mkia wake mfupi ukapotea. Baraza likasikia miguu ikijikokota ndani. Kisha sauti yake ikatoka, imebanwa: "Mtukufu! Mimi ndiye mwenyewe, na sito—"

Hakumaliza. Kilisikika kitu kama mtu anayetikisa mzigo wa kuni kavu, halafu yowe ambalo sijui niliandike vipi. Vumbi likafuka mlangoni. Fisi alitaka kugeuka; njia haikumruhusu. Alitaka kusonga mbele. Mbele ndiko kulikokuwa na shida. Ikabaki njia moja tu. Akatoka kinyumenyume, makalio kwanza, kama alivyoapa kwamba ndiyo desturi ya ukoo wao. Uso ulipotokea nje, ulikuwa na miiba puani, miiba midomoni, mwiba mmoja chini ya jicho ukining'inia.

"Ametoka kinyumenyume," alisema Sungura kwa utulivu. "Hilo lake ni kweli. Naliweka."

Ndani ya shimo sauti nzito ikanung'unika: "Mama Ngiri! Hiki ni nini? Masika matatu nimekaa hapa, hajawahi mtu kuniamsha kwa pua! Kama unaleta wageni, si unapiga hodi?"

Simba akasogea mlangoni, kwa tahadhari. "Nani humo?"

"Mpangaji."

"Wa nani?"

"Wa nani tena? Wa Mama Ngiri. Anayefagia, anayeziba nyufa, anayenipigia kelele nikikoroma. Na wewe unayeuliza ni nani?"

Simba akachagua kutosikia lile swali la mwisho. Akarudi mahali pake, akapandisha manyoya ya shingo, na ile sauti nzuri ikatoka.

"Mpangaji akiwa ndani, mwenye nyumba hajahama. Shimo ni la Ngiri. Fisi amedai nyumba asiyojua hata nani anaishi ndani yake. Arudi kwenye mapango yake mawili, na asionekane upande huu wa mbuga mpaka mvua ifute nyayo zake zote ishirini na moja." Akatazama pande zote. "Mimi nilijua tangu mwanzo."

"Kabisa, Mtukufu," waliitikia wote.

Fisi aliondoka akipepesuka. Alimpitia Sungura akamwuliza kwa mdomo uliovimba kama anajua dawa ya miiba. "Najua," alisema Sungura. "Dawa ina maneno mengi kidogo. Safari hii utangoja nimalize?"

Mama Ngiri alitaka kulia, akaona aibu mbele ya watu, akalia hivyo hivyo. Kisha akawaambia watoto, "Haya, ndani." Wakaingia vichwa mbele, puu, puu, puu. Yeye akageuka, akawapa baraza zima uso, akarudi nyuma polepole, tumbo likifuta vumbi, mpaka yakabaki meno mawili na macho mawili mlangoni. Mbwa mwitu na wawe wengi wawezavyo.

Simba aliinama kutazama. Nyayo mpya mlangoni zote zilielekea nje.

"Karani," alisema kwa wasiwasi, "mbona hizi zinaonyesha ametoka?"

"Mtukufu," alijibu Sungura, "jua limekuwa kali. Twende zetu."

Nami naishia mlangoni hapo. Kila mtu aingie kwake, kwa uso au kwa mgongo, shauri yake. Ila wahenga walishatuonya: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.